Nasaha za Nyumbani: Nyumba ya Marehemu Yauzwa Lini?



Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya jambo liingialo katika nyumba nyingi za mji wetu wa Mwanza mara tu matanga yanapokwisha, nalo ni kuuza nyumba. Watu huuliza, "Maalim, je, huu ni wakati wa kuuza?" Na wengi waulizapo hivyo, nia yao ni bei. Husema kwamba Daraja la John Magufuli baina ya Kigongo na Busisi limekwisha funguliwa tangu Juni 19, 2025, kwamba mji wapanuka, na kwamba mwenye kungoja atapitwa. Bei ni jambo la kutazamwa, hatukatai. Lakini bei haiamui wakati. Atakaye kuujua wakati, yampasa kwanza atazame ni nani alalaye ndani ya nyumba hiyo, na fedha itakwenda wapi ikisha kupokewa.

Sikilizeni habari hii, wala hatutataja majina. Bwana mmoja wa Mabatini alifariki dunia akaacha nyumba ya vyumba vinne mlimani, aliyoijenga kidogo kidogo kwa miaka mingi. Aliacha mke, watoto wawili wanaume, na binti mmoja. Wazazi wake walikwisha tangulia, wala hakuacha deni wala wasia. Vyumba viwili vilikuwa na wapangaji. Katika viwili vingine alikaa mjane pamoja na binti yake. Mwezi wa tatu baada ya mazishi alitokea mnunuzi akasema atatoa shilingi milioni 40, mradi apewe jawabu kabla ya juma kwisha.

Mtoto mkubwa alinijia baada ya sala ya Isha akaniambia, "Maalim, tupigie hesabu kama ilivyo katika Kitabu." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na karo za watoto, na mdogo wake alitaka mtaji wa nyavu na mashine ya mtumbwi ili aingie katika uvuvi wa dagaa. Nikaipiga hesabu kama ilivyoamriwa katika Sura ya An-Nisaa. Mke aliyeachwa pamoja na watoto hupata thumni, yaani sehemu moja katika nane. Kilichobaki hugawiwa watoto, mwanamume apate mara mbili ya mwanamke. Basi katika milioni 40, mama ana milioni 5, kila mwanamume milioni 14, na binti milioni 7. Hesabu ilitimia, naye akaridhika.

Kesho yake tulikwenda nyumbani kuwasomea wote. Nilipokwisha kusoma, yule mama, aliyekuwa amekaa kimya nyuma ya pazia kwa kuwa yumo edani, alisema neno moja tu: "Maalim, milioni 5 nimezisikia. Na mimi nitalala wapi?"

Hapana aliyejibu. Mimi pia sikuwa na jawabu, maana nilikuwa nimepiga hesabu ya fedha nikasahau kuuliza swali hilo.

Hapa yafaa tufahamu mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni eda. Mke aliyefiwa hukaa eda ya miezi minne na siku kumi. Katika zama za Mtume (s.a.w.) bibi mmoja, Furay'a binti Malik, alifiwa na mumewe, akaomba ruhusa ya kurudi kwa jamaa zake. Mtume alimwamuru akae katika nyumba ile ile mpaka muda wake utimie. Basi mnunuzi ajaye katika mwezi wa tatu amekuja kabla ya wakati, hata angekuja na milioni 100.

La pili ni kwamba thumni ya mama ni fungu lake la urithi, wala si mwisho wa haki yake. Mwenyezi Mungu hakumdhulumu. Alimpa fungu hilo, na mbali na hilo akawawajibisha watoto wenye uwezo kumtunza mama yao asiye na uwezo, kwa chakula, mavazi na makao. Mtoto achukuaye milioni 14 na kumwacha mama apange chumba kwa milioni 5 zake ameshika aya moja na kuitupa nyingine.

Tulikaa tena eda ilipokwisha. Mnunuzi wa kwanza alikwisha kwenda zake. Mdogo bado alitaka mtaji, na hiyo ilikuwa haki yake, kwani mrithi hazuiliwi mali yake. Lakini Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwenye sehemu katika mali ya shirika asiiuze mpaka kwanza amwarifu mshirika wake. Basi kaka na dada walikubali kuinunua sehemu ya mdogo wao: walimpa kiasi walichokuwa nacho mkononi, na kodi ya vyumba viwili, baada ya kutoa thumni ya mama, ikawa yake mpaka milioni 14 zitimie, pasipo riba. Iliandikwa pamoja na muda wake, mbele ya mashahidi wawili, kama tulivyoamriwa katika Sura ya Al-Baqara. Kijana hakufurahi siku ile, maana alitaka fedha yote kwa mara moja. Alianza na mtumbwi wa kukodi. Mama yungali katika chumba chake.

Msidhani kuwa twasema nyumba isiuzwe kabisa. Ziko nyumba ambazo wakati wake umefika. Marehemu akiacha deni, wala hapana mali nyingine ya kulilipa, deni hutangulia urithi, na kuchelewa kuuza ni kumchelewesha marehemu. Mzee asiyeweza tena kupanda ngazi za mawe, akipata nyumba ndogo chini tambarare, kuuza kwake ni rehema. Na walioko ufukweni wayatazame maji. Baada ya mvua kubwa za mwaka 1961 ziwa letu lilipanda zaidi ya mita 2 kufikia mwaka 1964. Mwaka 2020, na tena mwaka 2024, maji yalipanda kupita viwango vya zamani. Tena Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mwenye nyumba mahali hapo ana sababu ya kutaka kuhama. Lakini akiuza, na amwambie mnunuzi maji yalifika wapi na ukingo uko umbali gani. Kuuza mali yenye aibu huku ukiificha hakumhalalikii Mwislamu. Ukiona kwamba ukisema kweli hutapata mnunuzi, ujue kuwa utauza kwa hadaa.

Kisha fedha. Imepokewa katika Sunan ya Ibn Majah tahadhari ya Mtume (s.a.w.) kwamba auzaye nyumba asiitie thamani yake katika kitu mfano wake, yachelewa asibarikiwe katika fedha hiyo. Twayaona haya kwa macho yetu: nyumba ya miaka thelathini huuzwa kwa ajili ya sherehe ya arusi ya siku mbili, na mwaka ukipita bwana arusi ni mpangaji. Basi kabla hujapokea hata shilingi moja, uwe umekwisha iona nyumba au kiwanja utakachonunua, na hati zake umezisoma.

Na tusiidharau sheria ya nchi. Nyumba ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, si na mtoto mkubwa kwa sababu ya ukubwa wake. Na kwa walio hai, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenziwe.

Enyi vijana, mtakapoletewa bei, ingieni kwanza ndani mkamwulize mama yenu swali lile kabla yeye hajawauliza ninyi. Nanyi akina baba, wakusanyeni watoto mngali hai, mwambieni mama yao mbele yao atakaa wapi. Mwenyezi Mungu atujaalie makao mema hapa duniani na kesho akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq.