"Ilinitoka tu" si utetezi

Wadau, nimepotea wiki mbili hapa, mtanisamehe. Testi zimefuatana kama siafu, na bumu mnajua lilivyo. Lakini leo sitaki kulia na bumu. Kuna jambo linanikereketa tangu Ijumaa, na nisipolitoa nitalala nalo tena.

Wanaonijua wanajua niko kwenye kile kikundi chetu cha vichekesho visivyoandikwa. Hatuna skripti. Mtu ukumbini anatutupia neno, "kondakta", "mahari", "uji wa moto", halafu wawili wetu tunapanda jukwaani na kulifanya kisa papo hapo. Ijumaa mtu akapiga kelele: "Matokeo!" Mwenzangu akaingia kama mzazi kutoka kijijini, mimi mwanafunzi. Kabla sijafikiri chochote, mdomo ukaanza wenyewe kumweleza baba kwamba sapu ni cheo, kwamba wanafunzi bora ndio wanaoitwa kurudia mtihani mwezi wa tisa ili wengine wajifunze kwao. Baba akafurahi, akachinja mbuzi, akaita majirani. Ukumbi ulilipuka. Kicheko kama kile sijawahi kukipata tangu nianze.

Tatizo ni kwamba sikukitunga. Ni kisa cha mshikaji wangu wa chumbani. Alinisimulia usiku, taa zimezimwa, na mbuzi kweli alichinjwa. Ijumaa alikuwa amekaa mstari wa tatu.

Nikamfuata baadaye. "Mwanangu, ilinitoka tu." Akasema, "Poa." Mnaijua ile poa.

Wenzangu kikundini wote wako upande wangu. Wanasema sanaa hii haina breki, ukianza kujichuja unafia jukwaani. Na wana mtu mzito wa kuwatetea: Keith Johnstone, Mwingereza aliyeanza kama mwalimu wa shule Battersea, London (walimu watarajiwa mpo?). Kwenye kitabu chake Impro, cha mwaka 1979, analaumu shule kwa kuwafundisha watoto kujihukumu mpaka wanaamini hawana ubunifu. Dawa yake ni kupokea kile mwenzako anachokuletea na kusema kinachokuja kwanza. Anayehangaika kuwa wa pekee ndiye anayechosha watu. Tukumbuke pia alianza kazi hii Uingereza ambako mpaka mwaka 1968 tamthilia ilitakiwa ipelekwe kwanza kwa ofisa wa ikulu ya mfalme aisome na kuiruhusu. Sasa kitu ambacho hakijasemwa bado utakipelekaje kikasomwe? Mtu aliyetoka huko lazima amchukie mchujaji, awe wa serikalini au wa kichwani.

Na mimi namwelewa, jamani, kwa sababu nimeyaona. Kabla ya kupanda tumbo linakoroga kama umekula maharage yaliyochacha. Ukishapanda, zikipita sekunde mbili unatafuta neno zuri, umekwisha, watu wanaona macho yako yanavyozunguka. Ukiachia, unashangaa unachokisema kama vile anasema mtu mwingine. Utamu wake siwezi kuueleza. Halafu saa nane za usiku uko kitandani unakumbuka neno ulilolikosa. Mwigizaji wa tamthilia ana karatasi yake, kesho atalirudia vizuri. La kwetu limeshapita, halipo popote. Asubuhi kwenye foleni ya kafeteria mtu anakugonga bega: "Oya, tuchekeshe basi." Hata salamu hamna.

Hapo huwa nawakumbuka John Belushi na Chris Farley. Wote walipitia The Second City, ukumbi wa vichekesho vya namna hii uliofunguliwa Chicago mwaka 1959. Wote walikufa kwa dawa za kulevya wakiwa na miaka 33, mmoja mwaka 1982, mwingine 1997. Sisemi sanaa ndiyo iliyowaua, wapo wengi waliozeeka nayo. Nasema tu kazi hii inachota ndani ya mtu, na si kila kilichomo ndani ni mali yake.

Maana nimejiuliza hivi. Hata mimi nina aibu zangu. Hesabu ya kidato cha nne nilipata F, na nyumbani nilidanganya wiki nzima kwamba matokeo bado. Neno "matokeo" lilipotupwa, mbona hiyo haikunitoka? Ilikuwa karibu zaidi, ni yangu kabisa! Kumbe mchujaji alikuwepo kazini Ijumaa ile, ila alilinda nyumba yangu peke yake, ya jirani akaacha mlango wazi. Kwa hiyo nikisema "ilinitoka tu" nadanganya.

Na hii habari ya kwamba uhuru hautaki mipaka siinunui. Vikundi vyetu vya zamani, kama Muungano na TOT, vilicheza maigizo bila maandishi. Kisa walikubaliana kwanza, maneno kila mtu akajitafutia. Viola Spolin wa Chicago, ambaye michezo yake aliianza na watoto wa mitaani kwao, wengi wa familia za wahamiaji, alijenga kila kitu juu ya mchezo wenye sheria. Watoto walikuwa huru kwa sababu walijua mstari uko wapi.

Nikapendekeza kikundini: kabla ya kupanda, kila mtu aseme la kwake moja lisiloguswa usiku huo. Wakacheka. Wakaniita kamati ya maadili. Sawa, niiteni.

Lakini baada ya miezi michache tunaenda kufundisha kwa vitendo, darasa la watoto sitini, na mdomo nitakaokwenda nao ni huuhuu. Nikiwa darasa la tano mwalimu mmoja alimtania mwenzetu kuhusu viatu vyake, ilimtoka tu, na sisi tulicheka sana. Lile jina la viatu alimaliza nalo la saba.

Jana nilimwambia mshikaji yote haya, bila "ilinitoka". Alikuwa anapiga pasi. Akamaliza shati zima kwanza. Akaniuliza Ijumaa hii tunaanza saa ngapi, nikamwambia saa moja na nusu. Akasema atakuja, ila atakaa nyuma, karibu na mlango.