Uvira–Kinshasa: ndege ni masaa mawili, safari ni ya siku ngapi?

Ukipima kwenye ramani, toka Uvira mpaka Kinshasa ni kama kilometa 1.540 za moja kwa moja. Ndege kubwa inazimaliza kwa masaa mawili na dakika kidogo. Sasa sababu gani mgonjwa wa Songo ao wa Mulongwe anayetumwa Kinshasa anaanza kwanza kutafuta pasipoti?

Ni sababu ya viwanja. Hapa Uvira hatuna uwanja wa kupokea ndege kubwa za abiria. Zamani tulikuwa tunapanda Bukavu, kilometa 120 na kitu za barabara, halafu zingine 30 mpaka Kavumu. Ile barabara ya Ngomo kila mtu anaijua, lakini ukifika Kavumu, kadi ya uchaguzi ilitosha kuingia ndani ya ndege. Tangu M23 ilipokamata Kavumu tarehe 14 mwezi wa pili 2025, hiyo njia imekufa. Goma ilikuwa imeshafungwa mbele. Tarehe 30 mwezi wa kumi 2025, Rais Macron alitangaza huko Paris kama uwanja wa Goma utafunguliwa kwa ndege za misaada. Ni vizuri, lakini hazitabeba abiria wa Uvira.

Kunabaki Bujumbura, karibu sana, ng'ambo ya mpaka wa Kavimvira. Ukikosa ndege ya moja kwa moja, unapitishwa Nairobi: jumla karibu kilometa 3.280. Kupitia Addis-Abeba ni karibu 4.700, mara tatu ya ile njia iliyonyooka. Unaenda mashariki ili ufike magharibi! Na hapo njo pasipoti inatakiwa, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa Mkongomani anayeenda katika mji mkuu wa inchi yake.

Wengine wanapanda mashua Kalundu mpaka Kalemie, kilometa zaidi ya 270 za ziwa, wapate ndege ya ndani. Hapo pasipoti haitakiwi, lakini mawimbi hayaulizi kadi.

Tena angalia saa kwenye tikiti. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, Nairobi iko mbele kwa saa moja. Ndege inayotoka Nairobi saa nne asubuhi na kuruka masaa matatu na nusu, tikiti itaandika kama inafika Kinshasa saa tano na nusu. Wengi wanafikiri ni safari ya saa moja na nusu.

Serikali ya jimbo ilihamia hapa Uvira baada ya Bukavu kuanguka. Wakubwa wetu wanaijua hii safari, wanaifanya wenyewe. Kwa maoni yangu, kabla ya kutuahidi uwanja mpya, wakae na Burundi waulize jambo moja: mgonjwa mwenye karatasi ya hospitali na kadi ya uchaguzi apandishwe Bujumbura, ashuke Kinshasa, bila kuzungushwa Nairobi.