Kompyuta ya gemu inachoka saa saba: si virusi, ni joto

Mwezi uliopita tuliahidi kuandika juu ya kujaza fomu za masomo. Mtuvumilie, hiyo itakuja. Mwezi huu kuna habari ya kompyuta ya chumba cha masomo. Imeleta maneno mengi hapa kambini, na mengine tumeyaleta sisi walimu wenyewe.

Mnaijua ile laptopu kubwa nyeusi tuliyopewa, yenye taa nyekundu chini ya vitufe. Ni mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya gemu. Asubuhi wanafunzi wanajifunza kuchapa, mchana na jioni vijana wanacheza mpira. Mwezi wa pili ikaanza vituko. Saa mbili asubuhi inakwenda kama bodaboda mpya. Ikifika saa saba mchana, unabonyeza herufi, inatokea baadaye sana. Kwenye gemu mchezaji anakimbia kama amezama kwenye matope. Na feni inalia mpaka jirani anasikia.

Tukasema ni virusi. Tukasema na aliyevileta: yule kijana anayekuja na flashi yake ya gemu. Tukamkataza kuingia. Mama yake alikuja kuuliza kosa la mwanawe, tukamjibu kwa mkato tu. Kisha tukapeleka mashine kwa fundi mjini, akaifomati, tukalipa kwa pesa iliyokuwa ya chaki. Humo ndani mlikuwa na barua za maombi za wanafunzi watatu. Hatukuwa tumezihifadhi pengine, zikapotea. Siku mbili baadaye, saa saba, ikakwama vilevile, na yule kijana hakuwa amekanyaga chumbani.

Hapo ndipo tulipojiuliza swali lililotakiwa kuwa la kwanza: virusi gani hivi vinaamka mchana na kulala magharibi?

Kumbe ni joto. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, na ikifanya kazi inachemka. Gemu inaifanyisha kazi kuliko kuchapa barua. Prosesa nyingi za laptopu zina kikomo chao, kati ya nyuzi 95 na 105 hivi. Ikikaribia hapo haisubiri kuungua, inajipunguzia mwendo yenyewe. Ni kama mtu anayebeba maji jua la utosi: anapunguza hatua ili asianguke. Ikipoa, inarudi mbio. Kwa hiyo ule ukwamaji si ugonjwa, ni kinga.

Na joto la hapa Juba hatuna haja ya kuwahadithia. Mnakumbuka Machi 2024 serikali ilifunga shule nchi nzima kwa sababu ya joto lililotabiriwa kufika nyuzi 45, na Februari 2025 zikafungwa tena baada ya wanafunzi kuzirai. Feni ya laptopu haitengenezi baridi, inavuta tu hewa ya chumbani. Chumba kikitoka nyuzi 28 asubuhi hadi 40 mchana chini ya bati, zile 12 zilizoongezeka karibu zote zinaingia kwenye prosesa. Ongeza vumbi la kiangazi lililojaa kwenye matundu, basi.

Namna tulivyohakikisha: tulibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tukafungua sehemu ya "Performance" na kuangalia mwendo wa prosesa huku gemu ikiendelea. Asubuhi ilikuwa juu ya gigahezi 3. Saa saba ilishuka hadi 1.2. Pia ipo programu ya bure inaitwa HWiNFO, inaonyesha nyuzi joto zenyewe. Kama yako inakwama hata alfajiri kukiwa na baridi, usilaumu joto. Angalia chaja kwanza. Laptopu ya gemu inayotaka wati 150 ukiichomekea chaja ya kuazima ya wati 65, itapunguza mwendo hivyohivyo, na ukicheza kwa betri peke yake pia.

Dawa yenyewe haikuwa na gharama. Tulizima mashine, tukachomoa chaja, tukafungua kifuniko cha chini na kusafisha matundu kwa brashi laini ya rangi. Vumbi lililotoka lilikuwa kama pamba. Ukipuliza, zuia mapanga ya feni kwa kijiti yasizunguke ovyo. Halafu tukaweka visoda vinne, kila pembe kimoja, laptopu ikanyanyuka ikapata hewa chini. Vijana wanaocheza wakiwa wameiweka juu ya godoro, hapo mnaiziba pua. Na kitambaa kibichi au beseni la maji chini yake, jamani hapana, tumeona watu wakifanya hivyo.

Kwenye gemu tulipunguza ubora wa picha na kuweka picha 30 kwa sekunde. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, penye maneno "Maximum processor state", tukatoa 100 tukaandika 99. Kwa prosesa nyingi hilo linazuia mwendo wa ziada unaoleta joto kali. Laptopu nyingine haziyaonyeshi maneno hayo, msihangaike. Mashine ikiwa ya miaka mingi, ule uji wa kijivu unaopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupozea huwa umekauka. Kuubadilisha ni kazi ya fundi, na mwambieni kabisa ni hiyo mnayotaka, asikimbilie kufomati.

Saa saba sasa inashuka kidogo tu, inachezeka. Hata hivyo tumebadilisha ratiba: gemu ni saa kumi na moja jioni, mchana kati ya saa sita na saa tisa mashine inapumzika. Barua zote tunazinakili kwenye flashi mbili.

Kwa yule kijana tulikwenda nyumbani kwao, walimu wote, tukamwomba msamaha yeye na mama yake. Mama alitukaribisha chai, ila alituambia wazi kwamba majirani walishamwita mwanawe mharibifu, na neno hilo sisi ndio tuliolianzisha. Ndiyo maana tumeandika hapa wote msome. Wale wanafunzi watatu wameanza barua zao upya. Mwenye brashi laini ya ziada atuletee, yetu imekwisha manyoya.