Hodi katika shule isiyo na kengele

Nimekuwa mwalimu kwa miaka ishirini na sita, na katika muda huo wote sikuwahi kudhani kwamba siku moja ningeketi sebuleni mwa mdogo wangu nikimsihi chifu asimtie mbaroni kwa kosa la kuwafunza wanawe kusoma. Hayo ndiyo yaliyonifika Jumatano iliyopita huko Limuru, nami nayasimulia hapa kwa kuwa yanawahusu walimu wenzangu na wanafunzi wao kuliko wanavyofikiri.

Mdogo wangu na mumewe ni Wakristo wa dhati. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, waliwasomesha watoto nyumbani kama walivyofanya wazazi wengi. Shule zilipofunguliwa Januari 2021, wao hawakuwarudisha. Nakiri kuwa nilikasirika. Ni kama mpishi kumwona nduguye wa damu akikisusia chakula chake. Karibu mwaka mzima tulisalimiana kwa shida.

Safari hii nilikuwa na ruhusa kazini, nikaenda kujionea. Saa kumi na mbili na nusu alfajiri waliimba, wakasoma sura moja ya Biblia, wakaomba. Baadaye kila mtoto aliketi kwenye meza yake iliyoelekea ukutani. Wanatumia vijitabu vya mtaala wa Accelerated Christian Education, ulioanzishwa mwaka 1970 katika jimbo la Texas, Marekani. Mtoto hujisomea, akikwama husimamisha kibendera kidogo juu ya meza, na mama huja. Akimaliza zoezi hwenda kujisahihishia mwenyewe kwa kitabu cha majibu. Asipofikisha asilimia 80 katika mtihani, hurudia. Hilo la kujisahihishia lilinichekesha, mpaka nilipomwona mvulana wa miaka kumi, asiyejua kuwa namtazama, akijitia alama mbili za mkosa kwa kalamu nyekundu. Mimi mwenye darasa la watoto sitini na mmoja nikanyamaza.

Hata hivyo sikukosa la kulaumu. Kijitabu cha hesabu kilimtaka ahesabu senti za Marekani, na dadake wa miaka kumi na mitatu, aliyesoma Kiingereza chake bila kigugumizi, aliniambia, "Mjomba, hii ndiyo kitabu yangu ya Kiswahili." Mama yake aliinamisha uso.

Yapata saa nne ng'ombe wao akashikwa na uchungu, na masomo yakaishia hapo. Mguu wa ndama ulikuwa umejikunja ndani. Daktari wa mifugo alielekeza kwa simu, shemeji akavuta, msichana akamulika tochi, mvulana akaandika saa na dakika daftarini. Ndama alipotoka salama, saa sita kasorobo, watoto walishangilia na kumshukuru Mungu. Hata hawajanawa mikono, tukasikia hodi. Alikuwa chifu pamoja na afisa wa elimu. Jirani alikuwa amepeleka habari kwamba boma lile lina watoto wasiokwenda shule.

Afisa, mtu mpole kwa kweli, alisoma kifungu cha 30 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013: mzazi asiyempeleka mtoto shuleni anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Shemeji akamjibu kwa kifungu cha 32 cha Katiba, kinacholinda uhuru wa dini na dhamiri. Afisa akarudi na kifungu cha 53, kinachompa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Watoto walisimama pale pale, mikono ina damu ya ng'ombe, wakiwasikiliza wakubwa wakitupiana vifungu.

Kisha afisa akamwuliza msichana atajiunga na shule gani ya sekondari ya juu. Kimya. Wazazi wake hawakuwa wamelitafakari swali hilo, na ndilo lililonichoma zaidi. Katika kundi la kwanza lililofanya mtihani wa KJSEA mwaka 2025, mtihani wenyewe ulichangia asilimia 60 tu ya alama za kujiunga na Gredi ya 10. Asilimia 20 zilitoka katika KPSEA ya Gredi ya 6, na 20 nyingine katika tathmini zilizofanyiwa shuleni. Mtoto ambaye jina lake haliko katika orodha ya shule yoyote atazipata wapi? Mvulana naye aliulizwa rafiki yake ni nani. Akawataja dada zake wawili, kisha ndama. Chifu alicheka. Mimi sikuweza.

Ujerumani humlazimisha kila mtoto kuhudhuria shule, na mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliyakataa malalamiko ya wazazi Wakristo waliotaka kusomesha nyumbani. Majimbo yote ya Marekani huruhusu, lakini lile la New York humtaka mzazi atoe ripoti za maendeleo ya mtoto. Mimi naona hiyo njia ya pili yatufaa. Sheria yetu yenyewe inataja shule au taasisi nyingine itakayoidhinishwa na Waziri. Basi Waziri na autumie mlango huo: nyumba isajiliwe, afisa aizuru kila muhula, na mtoto aandikishwe katika shule ya jirani kwa tathmini, michezo na, Mungu akipenda, ngeli za Kiswahili. Mzazi anayekataa hata kutembelewa hatakuwa na hoja ya dhamiri, maana imani haimruhusu kumficha mtoto. Nao walimu wenzangu wanaotaka wazazi hawa wafungwe wangejiuliza kwanza ni lini mara ya mwisho walikaa na mtoto mmoja mpaka akaelewa.

Chifu alitoa siku kumi na nne. Jioni ile mdogo wangu alikubali twende sote kumwona mwalimu mkuu wa shule iliyo ng'ambo ya barabara. Nilipokuwa nikiaga, msichana alinikabidhi insha ya kurasa mbili juu ya kuzaliwa kwa ndama. Nimeisahihisha kwa wino mwekundu mwingi. Nitamrudishia Jumamosi, tukitoka kwa mwalimu mkuu.