Kufuga Buibui? Mikono Mfukoni!

Kwa watu wa Pwani ukitaja buibui mtu anafikiria vazi la mama. Kwa mpwa wangu wa Bukiriro, kule Ngara, buibui ni mnyama wa kufuga! Kijana alikuwa anachimba shimo la mgomba, likatoka dubwana lenye manyoya, ukubwa wa kiganja. Wenzake wakatimua mbio, yeye akalitia kwenye ndoo tupu ya rangi na kunipigia simu. "Shikamoo Mjomba. Huyu nimpe nini, ugali?" Nyuma yake namsikia dada yangu anaapa kwamba leo anatoka buibui au anatoka yeye.

Jamani, ugali hali. Huyu ni tarantula, na wale wa Afrika Wazungu wanawaita buibui nyani, kwa kuwa ncha za miguu yao zinafanana na vidole vya nyani. Chakula chake kinatembea: panzi, nyenje au mende, mmoja au wawili kwa wiki. Akikataa usibabaike, anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula. Panzi wasitoke shamba lililopigwa dawa. Senene usimpe, huko Kagera utaitishiwa kikao cha ukoo! Maji mtilie kwenye kizibo cha soda. Udongo uwe na kina cha kutosha achimbe shimo lake, mfuniko uwe na vitundu, na chumbani humo marufuku kupuliza dawa ya mbu, maana haichagui.

Siku moja utamkuta chali, miguu juu. Usimzike! Anajivua gamba ili akue, na siyo ule usemi wa wanasiasa wa 2011, hili ni gamba kweli. Usimguse. Toa wadudu wote wasije wakamtafuna akiwa laini, kisha subiri kama wiki nzima meno yakomae ndipo umlishe.

Sasa hapa ndipo penye kazi. Wanaoanza ufugaji huu Ulaya na Marekani hushauriwa kuanza na tarantula wa bara la Amerika. Wengi wa hao wakiudhika hujikwangua tumbo kwa miguu na kurusha vinyweleo vinavyowasha, basi yameisha. Wetu hawana vinyweleo hivyo. Silaha yao ni mbio na meno. Yupo Pterinochilus murinus, aliyepewa jina hilo la kitaalamu mwaka 1897. Anapatikana hapa Tanzania, na wale wa rangi ya chungwa wanajulikana kwa jina la Usambara. Huyo hata wafugaji wazoefu wanamheshimu. Sijasikia aliyekufa kwa sumu yake, lakini maumivu yake usiombe. Kuanza na huyo ni kama kujifunza udereva kwa semitrela linaloteremka Rusumo.

Naye kwako hayuko salama. Akidondoka kutoka mkononi, hata kimo cha kifua tu, tumbo linaweza kupasuka na ndiyo kwaheri. Akiwa jike, anaweza kuishi zaidi ya miaka kumi. Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Atakwenda bweni, atakwenda JKT, ataoa, na buibui bado anadai panzi. Mlishaji atakuwa nani, dada yangu?

Ushauri wangu kwa kijana, na kwa yeyote anayeanza: mrudishe jioni hiyo hiyo pale pale ulipomkuta, pembeni kidogo ya njia ya watu. Ndoo ilaze ubavu, atoke mwenyewe, mikono mfukoni. Halafu usiku chukua tochi, kaa mbali kidogo na shimo lake, umwangalie anavyowinda. Huo nao ni ufugaji, hauhitaji ndoo wala ruhusa ya mama.

Nawe msomaji, ukikutana naye shambani, weka jembe chini kwanza. Hajakufuata kwako, wewe ndiye uliyemchimbia nyumba. Tukutane wiki ijayo.