Redio Imekosa Vikundi, Siyo Vipindi

Redio ya taifa letu imebadilishwa jina mara nyingi kuliko msikilizaji wa kijijini anavyoweza kukumbuka. Ilianza mwezi Julai 1951 ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam, na jina hilo halikuwa la madaha, kwani sauti yenyewe ilisikika mjini humo tu. Mwaka 1956 wakoloni wakaunda Shirika la Utangazaji la Tanganyika, TBC, kwa mfano wa BBC ya kwao Uingereza. Mwaka 1965 Serikali ya wananchi ikalivunja shirika hilo, redio ikawekwa chini ya wizara na kuitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka 2002 ikaja Taasisi ya Utangazaji Tanzania, na kwa amri ya mwaka 2007 likaundwa Shirika la Utangazaji Tanzania. Herufi tatu tulizozizika mwaka 1965 zikafufuka, safari hii zikiwa mali yetu wenyewe.

Wako ndugu zetu wanaoisimulia historia hii kama safari ya kutoka kwenye uzito kwenda kwenye wepesi. Hapo zamani, wanasema, redio ilionya na kufundisha kwa sauti ya mwalimu mkuu. Kisha sheria ya mwaka 1993 ikafungua mlango kwa watu binafsi, Radio One ikaanza kutangaza mwaka 1994, vituo vingine vikafuata, na masikio ya Watanzania yakapata raha. Maelezo hayo si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba yanautazama mdomo wa redio na kulisahau sikio la msikilizaji. Badiliko lililo kubwa kuliko yote halikutokea studio. Lilitokea vijijini, chini ya miti na katika madarasa ya shule za msingi, nalo lilikwisha kutokea kabla kituo chochote cha binafsi hakijawashwa.

Redio iliyochukuliwa na Serikali mwaka 1965 ilikuwa na kazi tatu kwa wakati mmoja: kuwaunganisha wananchi wa makabila mengi kwa lugha moja, kueleza siasa ya nchi, hasa baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, na kuwasaidia ndugu zetu wa kusini waliokuwa wakipigania uhuru wao. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini walipewa nafasi ya kusema na watu wao kutoka Dar es Salaam. Kwa wananchi wa hapa nchini, taarifa ya habari ilitanguliwa na ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, fundi asiyeona aliyeweza kupiga ngoma nyingi peke yake kwa pamoja, na mlio ule ukawa ndiyo saa ya nyumba nyingi zisizokuwa na saa. Vilikuwapo Mazungumzo Baada ya Habari, Ukulima wa Kisasa, Mama na Mwana kwa watoto, na Pwagu na Pwaguzi kwa wanaopenda kucheka. Bendi zetu zilirekodi nyimbo zao katika studio hiyo hiyo, kwa kuwa kwa muda mrefu mwanamuziki wa Tanzania hakuwa na pengine pa kwenda.

Tusiipambe kupita kiasi. Ilikuwa redio ya sauti moja. Asiyekubaliana na Mazungumzo Baada ya Habari alikuwa na kitufe cha kuzimia, basi. Wanamuziki wengi waliorekodi pale walizeeka bila kuona faida ya nyimbo zilizopigwa maelfu ya mara. Mtu anayetaka mtindo ule urudi wote kama ulivyokuwa, sauti moja na studio moja, anataka jambo ambalo hata waliokuwa wakilisikiliza hawalitaki.

Lakini ndani ya redio ile ya sauti moja ulizaliwa mtindo mmoja ambao haujapata mwenzake tangu hapo. Mwaka 1970 ulitangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka uliofuata, Uhuru wetu ulipotimiza miaka kumi, likafanyika jaribio la vikundi vya kusikiliza redio lililoitwa Wakati wa Furaha. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, na hapo ndipo jambo lilipokuwa kubwa. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo. Watu wapatao milioni mbili waliingia katika vikundi hivyo kwa majuma kumi na mawili. Vikafuata Chakula ni Uhai mwaka 1975 na Misitu ni Mali mwaka 1980.

Yafaa kueleza jinsi kikundi kilivyofanya kazi, maana walimu na maofisa wengi walioko kazini leo walizaliwa baadaye. Watu wa jirani walikutana siku iliyopangwa, wakiwa na redio moja na kijitabu kimoja kwa kila kikundi au zaidi. Walisikiliza kipindi kuhusu malaria, au kichocho, au minyoo, au kuhara, au kifua kikuu. Kipindi kilipokwisha, redio ilizimwa. Aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua sura ya juma hilo. Kisha wakajadiliana: je, haya yaliyosemwa na redio yapo hapa kwetu? Maji ya kisima chetu yakoje? Nani hana choo, na kwa nini? Mwisho waliamua la kufanya kabla ya mkutano ujao. Wakafyeka majani kandokando ya nyumba, wakafukia madimbwi, wakachimba vyoo.

Ajabu ya mtindo huo ni kwamba kipindi chenyewe kilikuwa sehemu ndogo kuliko zote. Mtangazaji alisema dakika chache, akawaachia wananchi kazi. Redio ya sauti moja, ilipofika kijijini, ilizaa sauti nyingi. Mkulima aliyekuwa hana pa kumjibia mtangazaji wa Dar es Salaam alikuwa na mahali pa kumjibia jirani yake, mwalimu wake na bwana afya wake. Atasema mtu kwamba watu walikwenda kwa kumwogopa balozi wa nyumba kumi. Bila shaka wako waliokwenda kwa sababu hiyo. Hofu inaweza kumleta mtu mkutanoni, lakini haimfanyi aulize maswali, na maswali yaliulizwa.

Walimu wana sababu ya pekee ya kuikumbuka njia hii. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka kila mtoto aingie shule ya msingi, nchi haikuwa na walimu wa kutosha, wala vyuo vya kuwafunza wote. Maelfu kwa maelfu ya vijana walifunzwa ualimu wakiwa kazini vijijini, kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio, na kwa kukutana na wakufunzi waliowasimamia. Hapa tena redio haikuachwa peke yake. Nyuma yake palikuwa na karatasi, na nyuma ya karatasi palikuwa na mtu.

Nani basi aliyeviua vikundi? Ni desturi siku hizi kuzilaumu redio za binafsi kwa kila kinachotuudhi: muziki usiokwisha, watangazaji wanaochanganya Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja, mizaha saa za kazi. Katika hili hazina hatia. Vikundi vilikwisha kufifia katika miaka ya 1980, wakati vita dhidi ya Idi Amin ilikuwa imekwisha kula akiba ya nchi, betri za redio zikiadimika madukani, karatasi za vijitabu zikikosekana, na waratibu wa elimu ya watu wazima wakikosa hata baiskeli. Hali ilipotengemaa, tulirudisha mitambo, tukaongeza masafa, tukajenga studio mpya. Vikundi hatukuvirudisha. Hakuna kikao kilichoamua vife, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeulizwa.

Hasara yake ilionekana mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Masomo yalirushwa kwa redio na televisheni, na lilikuwa jambo jema lililofanywa upesi. Lakini mtoto aliyeyasikiliza nyumbani alikuwa peke yake. Hakuwapo mtu wa kuizima redio na kumwuliza ameelewa nini.

Kwa maoni yangu, nchi hii leo ina kila kitu kinachotakiwa isipokuwa mpango. TBC Taifa ipo. Redio za jamii zipo, kama zile za Sengerema na Pangani, zinazowajua wasikilizaji wao kwa majina ya vijiji. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoongoza kazi ya mwaka 1973, ipo bado. Kila kata ina ofisa elimu. Simu ya mkononi, inayolaumiwa kwa kumfanya kila mtu asikilize peke yake masikioni, inaweza kurekodi kipindi kikasikilizwa siku ambayo kikundi kina nafasi, jambo ambalo wenzetu wa mwaka 1973 wangelipokea kwa shangwe, maana wao aliyechelewa alikuwa amekosa.

Ianzwe na wilaya chache, na jambo moja tu: lishe ya watoto, au malaria, ambayo miaka hamsini baada ya Mtu ni Afya bado inatuua. Viongozi wa vikundi wafunzwe kwanza, vijitabu vichapwe na vifike, na ndipo kipindi kirushwe hewani, kwa kuwa mara nyingi tunaanza na hafla ya uzinduzi, na mafunzo yanabaki katika makabrasha. Fedha yake itengwe katika bajeti ya elimu, siyo ya habari. Na mwalimu atakayeongoza kikundi apunguziwe vipindi vya darasani kwa majuma hayo kumi na mawili. Asiongezewe mzigo mwingine na kuambiwa kwamba anajitolea.