Karatasi ya Kura Ijaribiwe Mapema



Kura ikiharibika, lawama humwendea mpiga kura. Husemwa, "Huyu ni mzee, haelewi." Wiki hii nawaomba tuitazame kwanza karatasi aliyopewa.

Tarehe 7 Novemba 2000 Wamarekani walipiga kura ya urais. Katika wilaya ya Palm Beach, jimbo la Florida, wanakoishi wazee wengi, msimamizi wa uchaguzi alitaka kuwasaidia wenye macho hafifu. Wagombea walikuwa kumi, akayakuza maandishi. Kwa kuwa majina hayakuenea ukurasa mmoja, yaligawanywa katika kurasa mbili zinazoelekeana, na matundu ya kutoboa yakapangwa safu moja katikati. Kushoto, jina la kwanza lilikuwa la Bush na la pili la Gore. Lakini tundu la pili lilikuwa la Buchanan, aliyetangulia ukurasa wa kulia. La Gore lilikuwa la tatu.

Watu wakachanganyikiwa. Buchanan alipata zaidi ya kura 3,400 wilayani humo, naye mwenyewe alikiri hadharani kwamba nyingi huenda hazikuwa zake. Karatasi zaidi ya 19,000 zilikataliwa kwa kutobolewa zaidi ya tundu moja. Matokeo ya Florida ndiyo yaliyoamua urais, na humo Bush alimshinda Gore kwa kura 537 tu.

Nia ilikuwa njema na herufi zilikuwa kubwa. Njia ya kutoka kwenye jina hadi kwenye tundu ndiyo haikuwa wazi. Yafaa basi karatasi ijaribiwe kabla haijapigwa chapa. Mpe mama au babu asiyeijua, mtajie jina moja alitafute, kisha nyamaza uutazame ujumbe wa kidole chake. Kikisitasita, panga upya.

Vivyo hivyo vibao vya kituoni. Viwe na maneno machache, wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, na mshale penye kila kona. Vitundikwe juu ya vichwa vya watu, maana foleni hufunika kilichobandikwa chini. Nawe askari ulindaye mlango, ndiwe utakayeulizwa kwanza: ijue njia ya kila chumba, umwelekeze mpiga kura mlangoni, na ya ndani umwachie mwenyewe.

Jaribio hilo halina gharama kubwa. Lahitaji nusu saa na mzee mmoja mvumilivu.